Sweta Isiyofungwa Shingo

Sweta ninayofuma sasa imefika mabegani, na shingo yake sitaifunga bado. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, uzi ni mpya wa dukani, laini kuliko uzi wowote niliowahi kuugusa ujanani, na sindano ni za kununua, ingawa vidole vyangu bado vinazishika kwa mashaka ya mtu aliyejifunza kwa spoku za baiskeli. Kando yangu, juu ya stuli, ipo riwaya mpya niliyoinunua Mwanza kabla ya kupanda basi. Kipande cha uzi kimewekwa ndani kama alama, sura mbili kabla ya mwisho. Kabula, mtoto wa mama yangu mdogo, amelala ubavu kwenye kochi la marehemu mama yake, na kila nikigusa kitabu ananiuliza kama leo nitasoma kwa sauti. Namsomea kurasa chache, kisha narudi kwenye sweta. Nilikuja hapa Somanda, Bariadi, kumzika Mama Mdogo Minza, nikapanga kukaa wiki moja, lakini daktari alipomwambia Kabula apumzike mpaka ajifungue, nilipiga simu kazini nikaomba likizo yangu yote. Sikufikiria mara mbili. Mama yake naye aliambiwa hivyo hivyo, katika nyumba hii hii, na mimi ndiye niliyekuja kukaa naye.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nasubiri matokeo, yaani sikuwa na kazi yoyote ya maana, na watu wasio na kazi ya maana hutumwa kwa ndugu. Bariadi wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele chenye dirisha la mbao, na kitanda cha Mama Mdogo kilisogezwa hapo ili aone barabara na watu wanaoelekea hospitali na sokoni. Alikuwa amepoteza mimba mbili, na mtoto wa tatu aliishi siku moja tu. Hii ilikuwa ya nne. Hakuna aliyesema kwamba ni ya mwisho, lakini wote tulilijua hilo, na yeye kuliko sisi. Daktari alimkataza kubeba maji, kukoboa mpunga, kuinama, na akimwona ameketi muda mrefu alimgombeza. Kwa hiyo Mama Mdogo, aliyekuwa hajawahi kukaa bila kazi tangu azaliwe, alilala akiangalia dari na kunipigia kelele kuhusu chumvi ya mboga. Nilimpenda sana, na alinichosha sana.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe wake, Bibi Nkamba, mjane mwembamba aliyetokea Kasoli kwa miguu siku aliyosikia habari ya mimba na hakurudi tena. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Mengine yote aliyasema kwa Kisukuma, na mimi nilimtafsiria nilipoweza. Asubuhi ilianza na yeye kusimama mlangoni kwa mkwewe, wakaamkiana na kuulizana kama ni salama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola. Na mtoto?"

"Amecheza."

Hapo ndipo Bibi alipotoka kwenda kuwasha moto. Mama Mdogo asiposema kwamba mtoto amecheza, moto haukuwashwa, na tulikaa wote tukisubiri teke. Chai ya siku nyingine ilichelewa mpaka jua lilipopanda, kwa sababu mtoto alikuwa mvivu.

Wazo la sweta lilikuwa la Bibi, jambo la ajabu kidogo, maana mwenye masharti mengi kuliko wote ndiye yeye. Alikuwa amenunua sweta ya mitumba sokoni, ya mtu mzima, kahawia, na akanipa niifumue ili uzi wake nimfumie mtoto. Sijui kama vijana wa leo wanaijua kazi hiyo. Unatafuta mwanzo wa uzi kwenye shingo, unauvuta, na sweta nzima inakimbia mikononi mwako safu kwa safu. Uzi unatoka umejikunja, kwa hiyo unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unauosha, unauanika ukiwa umefungiwa jiwe chini ili unyooke. Sindano alizitoa Baba Mdogo. Alikuwa akinunua pamba kule Kasoli, akienda na kurudi kwa baiskeli, na siku moja aligeuza baiskeli yake miguu juu uani, akachomoa spoku nne kwenye gurudumu la nyuma na kuzisugua ncha kwenye jiwe la kunolea visu. Nilimuuliza kama gurudumu halitalalamika. Akasema gurudumu lina spoku nyingi kuliko linavyohitaji, waliotengeneza walikuwa watu waoga.

Nikaanza kufuma kwa mzunguko, kama soksi kubwa, kutoka chini kwenda juu. Nilikuwa na mikono mepesi na sikuwa na shughuli nyingine, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa karibu na makwapa. Nikamwonyesha Bibi kwa majivuno. Aliishika, akaipima kwa kiganja chake, akanirudishia kama mtu aliyeshikishwa moto.

"Unakimbilia wapi?" aliniuliza. "Nguo ya mtoto haifungwi shingo kabla mtoto hajalia."

"Basi nitaifumua nianze upya."

"Kufumua ndiyo mbaya zaidi!"

Mama Mdogo kutoka kitandani aliuliza tunabishania nini, na nilipomtafsiria alisema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Esta, fanya anavyosema." Niliona kwamba aliogopa. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kikiwa njiani na nilijiona mtu wa sayansi, lakini mwanamke aliyezika mtoto wa siku moja hamfundishi mtu sayansi, na hafundishwi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kufunga wala kufumua, njia iliyobaki ilikuwa moja. Niliendelea kufuma moja kwa moja juu, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuacha nafasi ya mikono. Mwili wa sweta ukarefuka. Baba Mdogo alipoiona alisema kama mtoto atalingana na nguo hiyo basi tumwandae moja kwa moja kwa jeshi.

Riwaya iliingia nyumbani wakati huo huo. Mwalimu mmoja jirani, aliyekuwa na kabati la vitabu na hakuwa na wa kuzungumza naye kuvihusu, aliniazima kitabu kilichokuwa kimetoka karibuni, akaniambia atanikata masikio nikikikunja gamba. Kilikuwa kisa cha Rehema, binti anayeuza chai kwenye stesheni ya reli Kaliua, na mume wake Idi anayepanda treni akiahidi kurudi kabla mtoto hajazaliwa. Nilikuwa nasoma kimoyomoyo huku nafuma, kitabu kimefunguliwa juu ya magoti na kubanwa kwa sahani, mpaka Mama Mdogo aliponiuliza nacheka nini. Nikamsomea. Siku iliyofuata hakungoja aulizwe. Baada ya chakula cha mchana, tukishakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali na dagaa wa Lamadi, alikuwa anapapasa chini ya mto anakitoa, maana yeye ndiye aliyekitunza ili nisije nikatangulia.

Bibi alikuja kusikiliza siku ya tatu hivi, akakaa chini mlangoni anachambua mboga. Nilisoma sentensi kwa Kiswahili, nikaitafsiri kwa Kisukuma, na mara nyingi tafsiri ilikuwa ndefu kuliko kitabu, kwa sababu Bibi alitaka kujua mambo ambayo mwandishi aliyasahau. Idi alitoa ng'ombe wangapi? Rehema hana wifi wa kumsaidia kuchota maji? Kwa nini mama yake hakuja? Nilipojibu kwamba kitabu hakisemi, aliniangalia kwa kutoamini, akidhani nimeruka ukurasa kwa uvivu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa Bibi, Rehema alikuwa mtu. Alijua kitabu ni nini, alikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisani, na hakuona sababu ya mtu kuchapisha maneno yote yale kuhusu binti ambaye hayupo. Nilielewa siku tuliyokwenda jumuiya. Wanawake walikuwa wanataja nia zao za kuombea: mvua, pamba, mgonjwa wa fulani. Zamu ya Bibi ilipofika alimtaja mkwewe Minza, kisha akasema, "Na Rehema wa Kaliua, naye ni mjamzito, mume amemkimbia." Wote wakaitikia. Mimi niliinamisha kichwa nikauma kanga yangu ili nisicheke.

Nilipomsimulia Mama Mdogo nilitegemea tucheke wote. Alitabasamu, kisha akaniambia, "Usimsahihishe." Na hapo ndipo nilipoanza kuona kilichokuwa kinaendelea kitandani pale. Miezi ya Rehema na miezi yake ilikuwa karibu sawa. Rehema alipovimba miguu, Mama Mdogo aliangalia yake. Rehema alipomwona Idi kwenye dirisha la treni isiyosimama, Mama Mdogo alilia na kunilaumu kwamba nimesoma vibaya. Hakuniambia kwamba anaamini chochote. Aliniambia tu kwamba hataki nifike mwisho kabla yeye hajajifungua, na kitabu kikawa kama sweta. Tulisoma ukurasa mmoja kwa siku, kisha nusu, kisha tukarudi nyuma tukasoma upya sura za mwanzo, za chai na maandazi na abiria wanaotania, tulizokuwa tumezikariri.

Kisha mwalimu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alileta ndizi, akaketi kwenye kiti chenye uzi wangu mgongoni, akauliza tumefika wapi. Kabla sijajibu, Bibi Nkamba, aliyekuwa amengoja nafasi hiyo kwa wiki nyingi, alimgeukia na kumuuliza kwa Kisukuma, wazi kabisa, kama Rehema amejifungua salama. Mwalimu alikuwa mtu wa Itilima, Kisukuma ndiyo lugha yake, na alifungua mdomo kumjibu kama mtu anavyomjibu mtu mzima. Mama Mdogo aliona. Akaziba masikio yake na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, macho amefumba. Mimi nilishtuka, nikaanza kuimba naye. Tuliimba beti zote tulizozijua na nyingine tulizozibuni, na katikati ya kelele zile nilimwona mwalimu akiinama sikioni kwa Bibi, na Bibi akitikisa kichwa polepole. Tuliponyamaza, Bibi alikuwa ameshika tena mboga zake. Mwalimu aliaga haraka, na nadhani alijuta kuja.

Tangu siku hiyo Bibi alijua na sisi hatukujua. Siku ya jumuiya alimtaja mkwewe tu. Nilirudi nyumbani nikasema hivyo bila kufikiri, na Mama Mdogo akaacha kula.

"Hakumtaja Rehema?"

"Hakumtaja."

"Kwa nini?"

"Labda amejifungua salama, hahitaji tena."

"Au hahitaji tena," alisema Mama Mdogo. Siku nzima hakutaka kusomewa. Jioni, jua bado liko juu ya mabati, alimwita Bibi na kumuuliza mwenyewe. Nilikuwepo, nafuma. Bibi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu asichofanya kawaida, akauweka mkono wake juu ya tumbo la mkwewe.

"Rehema? Yule hajambo," alisema. "Anasubiri kama wewe."

Mama Mdogo alimwangalia usoni kwa muda mrefu, kisha akavuta pumzi na kuomba chakula. Nilimletea uji akanywa wote.

Mtoto hakungoja. Alikuja na mvua za masika, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya wakati wake, asubuhi ambayo tulikuwa tunasubiri teke ili tuwashe moto. Hospitali haikuwa mbali, na Baba Mdogo alikuwa nyumbani, akamketisha mkewe kwenye kariya ya baiskeli, mimi nikamshika upande mmoja na Bibi upande mwingine, tukaingia kwenye tope. Nilikuwa nimeitundika sweta shingoni pamoja na spoku zake kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekaa nikifuma, na sikupata wazo la kuitoa. Karibu na kona ya maduka, gurudumu la nyuma lilitoa mlio, likayumba, likapinda. Baba Mdogo alilitazama gurudumu, akazitazama spoku shingoni kwangu, akasema neno ambalo Bibi hakupaswa kulisikia. Kisha akaitupa baiskeli kwenye mtaro, akambeba mkewe mgongoni kama gunia la pamba, akakimbia. Sijawahi kumwona mtu akikimbia vile. Tulimfuata tukiteleza, Bibi amevua viatu.

Aliyezaliwa alikuwa msichana, mdogo kiasi kwamba muuguzi alipomtoa kwenye shuka nilidhani anatuonyesha kitu kingine. Lakini alilia. Sauti ilikuwa nyembamba, na Bibi aliposikia aliketi kwenye sakafu ya korido palepale. Muuguzi alitoka akauliza nguo za mtoto ziko wapi, mtoto anahitaji joto, na tulitazamana kwa sababu kwa masharti yetu hatukuwa na hata soksi. Nikaitoa sweta shingoni. Niliona aibu. Haikuwa na mikono wala shingo, ilikuwa ndefu kama mfuko wa mkate. Muuguzi aliigeuza, akacheka kidogo, akachomoa spoku zangu moja baada ya nyingine na kupitisha uzi wa bandeji kwenye vitanzi ili visikimbie. Akamtumbukiza mtoto mzima ndani, akakunja chini, akavuta uzi juu mpaka mabegani. Kikabaki kichwa tu.

"Nani aliyefuma hii?" aliuliza. "Nguo ya kawaida ingemmeza mikono akapata baridi. Hii inamfaa."

Alikaa ndani ya mfuko ule wiki nyingi, kila alipotolewa kifuani kwa mama yake. Wakamwita Kabula kwa ajili ya mvua. Sikuwahi kuifunga shingo. Mama Mdogo alisema iachwe ilivyo, na kuhusu kitabu alisema, "Mimi nimeshapata mwisho wangu, wa Rehema ni wake." Mwalimu alihamishwa shule bila kukidai. Matokeo yangu yalitoka, nikaenda Mwanza, maisha yakanichukua. Bibi Nkamba alifariki Kabula akiwa darasa la tatu, na sikuja kwenye mazishi kwa sababu za kijinga za kikazi. Gurudumu la baiskeli Baba Mdogo alilinyoosha na kulitumia miaka mingine, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Mwezi uliopita, baada ya kumzika Mama Mdogo, tulikuwa uani tunaosha vyombo vya msiba Kabula alipotoka na mfuko wa plastiki aliouokota chini ya godoro la mama yake. Ndani mlikuwa na sweta ya kahawia, uzi wa bandeji bado umepita kwenye vitanzi, na kitabu, sura za mwanzo zimelegea na za mwisho zimenyooka kama za dukani. Mama Tereza, mzee wa jumuiya ambaye wakati ule alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alinyoosha shingo akatazama.

"Hicho ndicho kitabu cha Rehema?" aliuliza.

Nikashangaa anakumbuka. Nikamwambia ndicho, na kwamba hatukujua kamwe yaliyompata.

"Nyinyi hamkujua. Sisi tulimsalia," alisema, huku anasugua sufuria. "Bibi yenu alikuja siku moja ambayo si ya jumuiya, akapita nyumba kwa nyumba. Akasema yule binti wa Kaliua amekufa na mtoto wake, tumwombee raha ya milele, lakini tusimtaje kwenye sala za kawaida, wala mtu asilipeleke neno hili kwa Minza. Tukakaa chini kwangu, tukamsalia kama msiba wowote. Hakuna aliyesema."

"Mlijua kwamba ni mtu wa kwenye kitabu tu?"

"Mwalimu alituambia baadaye. Nikamfuata Bibi yenu, nikamwambia, huyo tuliyemlilia hayupo. Akaniambia, nyumbani kwangu kuna mtu anamlilia kila siku, na wewe unaniambia hayupo."

Niliingia ndani nikasoma kurasa za mwisho nimesimama. Ilikuwa kama alivyosema. Nililia, kwa ajili ya Mama Mdogo, na kwa ajili ya Bibi ambaye sikumzika, na kidogo kwa ajili ya Rehema, ambaye nilikuwa nimemsubiri zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilifikiri juu ya wanawake wa mtaa mzima waliokuja kumwangalia mgonjwa, wakaketi kwenye kile kiti, wakanisikia nasoma habari za chai na maandazi, na wote wanajua, na wote wanacheka mahali pa kucheka.

Sasa ni Kabula aliyelala, na riwaya hii mpya ina mwanamke mjamzito pia, kwa sababu waandishi hawajaacha tabia hiyo. Nisingeichagua kama ningejua, lakini nilianza kumsomea kabla sijajua. Leo mchana aliweka mkono tumboni akaniuliza bila kunitazama, "Dada Esta, huyu wa kitabuni atafika salama?"

Alama ya uzi iko sura mbili kabla ya mwisho, mahali tulipoishia mimi na yeye. Hajui kwamba juzi, akiwa kliniki, niliketi kwenye benchi la nje nikasoma zote mbili. Mwanamke yule hafiki.

"Yule hajambo," nilimwambia. "Anasubiri kama wewe."

Akavuta pumzi, akaniomba uji. Nimeuweka jikoni, na wakati unachemka nimeongeza mzunguko mwingine juu ya mabega. Ukishaiva na akishakunywa, nitavaa kanga nipite nyumbani kwa Mama Tereza. Nina mtu wa kuombewa.